Optima BlueTop D34M: betri moja ya staata na ya usiku kucha

Boti yangu ni ya faiba, mashine imepachikwa nyuma, na chini ya benchi kuna nafasi ya betri moja tu. Hiyo hiyo ndiyo inapiga staata, inawasha taa, inalisha kifaa cha kutafutia samaki na pampu ya kutoa maji. Betri ya gari haiwezi maisha hayo. Inatoa nguvu nyingi kwa mpigo mmoja, lakini ukizoea kuinyonya taratibu hadi iishiwe, inakufa mapema.

D34M imetengenezwa kwa kazi zote mbili. Kabla hujalipa, angalia rangi ya boksi la betri lenyewe, si la kufungashia, maana BlueTop zote zina kifuniko cha buluu: boksi la kijivu kilichokoza ni la kuwashia mashine tu, la kijivu chepesi ndilo la kazi mbili. Nguvu yake ya kuwashia, yaani ampea inazoweza kutoa kwa mpigo wa staata, ni CCA 750, au MCA 870. Namba mbili, betri moja: CCA hupimwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, MCA kwenye sifuri. Muuzaji akikupa MCA ya hii na CCA ya ile, mwambie alinganishe sawa kwa sawa.

Ninachoipendea zaidi ni uimara kwenye mawimbi. Boti ndogo inapigwa, na kutikisika ndiko kunakovunja pleti za betri nyingi. Humu pleti za risasi zimeviringishwa kama mkeka, katikati yake kuna kitambaa cha nyuzi za kioo kilichonyonya asidi. Hakuna maji ya kuongeza, wala cha kumwagika boti ikilala ubavu. Hata hivyo ifungwe kwa mkanda imara, maana ina kilo karibu 20.

Juu ina vichwa vya kawaida pamoja na skrubu za chuma cha pua. Waya za staata nimezifunga kwenye skrubu kwa nati za kujikaza, si zile za masikio zinazokazwa kwa vidole, kwa sababu hizo hulegea. Waya ukichomoka mashine ikiwa inanguruma, mfumo wa kuchaji wa mashine unaweza kuungua. Nikishakaza ndipo napaka vaselini juu, chumvi isipate pa kushika.

Sasa ujazo, na hapa piga hesabu kwa makini. Ni 55 Ah, yaani ampea zidishwa kwa saa, na mimi sipendi kuvuka nusu, kwa hiyo ninazo kama 27. Taa na kifaa cha samaki vikila ampea 2 kwa saa 8, ni 16. Pampu inabaki na chake na staata inaitika asubuhi. Lakini ukiwa na mota ya umeme ya kusukumia boti, inayokula hadi ampea 50 ukiifungulia yote, hii haikufai. Tafuta betri kubwa ya kunyonywa taratibu, uiweke peke yake.

Usitegemee mashine ndogo irudishe chaji ya usiku mzima kwa safari fupi. Inatoa ampea chache, tena ikiwa imekolezwa. Mimi nikifika nchi kavu naunganisha chaja yenye mpangilio wa AGM, yaani wa betri kama hii zenye kitambaa kilichonyonya asidi, volti 13.8 hadi 15, ampea zisizidi 10. Ikijaa na kupumzika, mita inasoma karibu volti 13. Nikiona 12.4 siilazi hivyo: betri ya risasi ikikaa nusu tupu, salfeti hugandia kwenye pleti, na ujazo uliopotea hivyo ni nadra kurudi.

Malalamiko yangu ni uzito. Litiamu yenye ujazo kama huu ina chini ya nusu ya kilo hizi, ila uhakikishe kwanza kwamba mtengenezaji wa mashine yako anairuhusu. Kwa boti ya betri moja inayolala baharini na kupigwa na mawimbi, ningeinunua tena D34M.