Siku nne za kupangiwa duka la vipuri vya baiskeli, Ngamiani

Duka langu la vipuri vya baiskeli lipo Ngamiani, Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba, na nililirithi likiwa limejaa hadi dari. Mji huu unapenda baiskeli, kwa hiyo wateja hawakuwa shida. Shida ilikuwa kwamba mteja akiomba gololi za ekseli ya mbele, kijana wangu wa dukani aliingia stoo na kupotelea huko hadi mteja akachoka kusubiri, akaaga. Mwezi uliopita nilimlipa binti mmoja na msaidizi wake shilingi 180,000 kwa kazi ya siku nne ya kulipanga duka, na nadhani wenzangu wenye maduka madogo watapenda kujua fedha hiyo ilinipatia nini.

Siku ya kwanza hakugusa kitu. Aliniamkia, akaomba kigoda, akakaa kibarazani kando ya fundi wangu tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, akiandika kila kilichoombwa na kila mara fundi alipoinuka kufuata kifaa ndani. Moyoni nilikwisha kusema kwamba nimeliwa. Alipomaliza alinisomea hesabu: fundi ameingia ndani mara 31, na mara 22 alikuwa akifuata viraka, solusheni, vali au gololi. "Baba, vinavyotakiwa zaidi ndivyo mlivyovificha mbali zaidi," alisema, na sikuwa na la kujibu, maana vilikuwa nyuma kabisa ya marobota ya tairi, mahali alipoviweka marehemu baba wakati ambapo kibarazani hapakuwa na fundi. Leo vimo katika kisanduku chenye vyumba vyumba, na fundi anavifikia bila kuinuka. Kwangu mimi, hilo peke yake lilikuwa nusu ya thamani ya kazi nzima.

Njia anayoifuata asili yake ni viwanda vya Japani, na waliowahi kufanya kazi katika hospitali zetu wataitambua kwa maneno yake matano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kusasambua, yaani kuchambua na kuondoa visivyohitajika, ndiko kulikoniuma. Kila kitu ambacho hatukuwa na hakika nacho kilibandikwa karatasi nyekundu yenye tarehe, kikapewa siku 30. Kisipoulizwa na mtu, kiuzwe kwa bei ya kutupa au kipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilikuwa na dinamo za taa kumi na tisa, nyingine bado zimo ndani ya maboksi yaliyoliwa na mende. Nilikuwa pia na tairi za inchi 28 zilizoanza kufanya nyufa kwa joto la stoo, kwa sababu kwa miaka mingi tulipanga shehena mpya mbele na kuuza hiyo hiyo, huku ya zamani ikizeekea ukutani. Sasa mzigo mpya unaingizwa nyuma, wa zamani unasogezwa mbele. Ni jambo dogo mno, na naona aibu kwamba nililipa ili nifundishwe.

Kopo la gololi linastahili maelezo yake. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, ndani yake gololi za ekseli ya mbele, ambazo kwa kawaida ni inchi 3/16, zimechanganyika na za nyuma, ambazo ni robo inchi, tofauti ambayo jicho lililochoka halioni lakini ekseli huisikia mara moja. Msaidizi wake alichukua kipande cha bati, akakitoboa kwa keekee ya milimita 5, akakichekecha kama anayechekecha unga: ndogo zikapita, kubwa zikabaki. Dakika kumi tu. Sisi tulikuwa tukizichagua moja moja kwa vidole, mteja amesimama.

Kasoro zipo. Binti anajua kupanga, lakini baiskeli haijui, na hakuwa mwepesi wa kuuliza. Pedeli alizipanga kwa rangi na ukubwa, akachanganya za kulia na za kushoto, ilhali ya kushoto nyuzi zake hukazwa kinyume. Fundi alilazimika kuzitenganisha upya, na siku hiyo hakutengeneza baiskeli hata moja. Lebo aliziandika kwa kalamu ya wino juu ya karatasi, na unyevu wa pwani umekwisha kuzifuta kadhaa, hivyo nimeziandika tena kwa rangi ya mafuta moja kwa moja kwenye mbao.

Kubwa zaidi ni karatasi. Alitaka risiti zote za kabla ya mwaka jana zichomwe, kwa maelezo kwamba zinajaza droo. Nilimkatalia, kwa kuwa sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 inatutaka tutunze kumbukumbu kwa miaka 5, na risiti za EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, zinafifia zenyewe hata bila moto. Zangu nazitoa nakala kabla maandishi hayajapotea. Daftari la mali kauli, yaani la bidhaa zilizochukuliwa kwa ahadi ya kulipa baadaye, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi, hakulifungua kabisa. Badala yake alinishauri nilipie programu ya simu kila mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa, lakini daftari ninalo. Nilichohitaji ni mtu wa kunisaidia kulipanga ili nijue nani anadaiwa tangu lini.

Mwenye stoo iliyojaa na fundi anayezunguka kutwa nzima, namshauri amwite, mradi fundi huyo akae naye siku zote nne na si siku ya kwanza tu. Mwenye tatizo la madeni na hesabu atafute mtu mwingine. Dinamo zimebaki kumi na saba, na karatasi zake nyekundu zinaisha muda Jumatano.