Treni ya Mjini Chongqing kwa Safari ya Siku Nne

Kwa msafiri anayepanga kukaa Chongqing, nchini China, siku nne, huduma ninayoipendekeza kuliko zote ni treni ya mjini, kwa kuwa katika mji huu wa vilima, mahali inapokutana mito ya Yangtze na Jialing, ramani huonyesha umbali bila kuonyesha kimo, na sehemu mbili zinazoonekana kupakana huweza kutenganishwa na mamia ya ngazi.

Njia namba 2, ambayo treni zake hupita juu ya reli moja, ndiyo iliyonivutia zaidi. Hufuata ukingo wa Jialing, kisha katika kituo cha Liziba huingia ndani ya jengo la makazi na kutokea upande wa pili. Shuka hapo, uteremke hadi barabarani, uitazame kutoka chini. Ni mandhari yasiyochosha.

Hongyadong, jengo la ghorofa nyingi lililoegemea mteremko wa mto Jialing, lina barabara chini kando ya mto na nyingine juu, kwenye ghorofa ya 11, kwa hiyo ni afadhali kuingilia juu na kushuka. Gari la kamba linalovuka Yangtze, lililoanza kazi mwaka 1987, huwa na foleni ndefu, nami nashauri liwekwe asubuhi mapema.

Michongo ya miamba ya Dazu, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 1999, iko mbali na katikati ya mji. Itengewe siku nzima, wala isibanwe pamoja na ziara nyingine.