Woody Guthrie na kitabu chake cha kudandia treni

Shilingi 5,000 kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na soko la Majengo, jalada limechanika na kurasa kadhaa zina madoa ya chai. Kitabu chenyewe ni "Bound for Glory", maisha ya Woody Guthrie, yule mwimbaji wa Marekani aliyetunga "This Land Is Your Land". Aliyaandika mwenyewe, yakatoka mwaka 1943, na hata michoro iliyomo ni ya mkono wake. Mimi ni mstaafu wa reli. Ujana wangu uliishia kwenye treni za mizigo za Reli ya Kati, kwa hiyo kitabu kinachoanza ndani ya behewa la mizigo nilikilipia bila kuomba punguzo.

Humo ndani wanaume wamesongamana, weusi kwa weupe, vumbi la saruji linawakaba koo, mara ngumi zinaanza. Woody anaishia juu ya paa, mvua inanyesha, na yeye anahangaika gitaa lisilowe. Hapo nilimwamini. Wadandiaji wetu walikuwa wakivizia Saranda, treni inapoanza kupanda kwenda Manyoni na mwendo unapungua mpaka mtu anatembea nayo sambamba. Kwanza inarushwa furushi, ndipo mwenyewe anafuata. Asiyewahi kuyaona atadhani mwandishi anatia chumvi.

Chumvi ipo, tena ya kutosha, ila kwingine. Maongezi ya utotoni kayaandika neno kwa neno kana kwamba alikuwa na kinasa sauti mfukoni. Hilo nimemsamehe, mzee wa Kigogo akishika zeze akaanza kusimulia, nani anamdai tarehe? Lililoniudhi ni la mkewe Mary, aliyemwoa mwaka 1933 huko Pampa, Texas. Mume alikwenda California akamwacha na watoto, na kitabuni mama huyo anatajwa kwa kupita tu. Wahuni wa njiani wamepewa kurasa nzima nzima!

Sehemu ya kukufanya usilale ni ya utoto wake Okemah, Oklahoma, alikozaliwa mwaka 1912. Dada yake Clara anazuiwa kwenda shule ili abaki kupiga pasi, gauni linashika moto, anafariki. Halafu mama yao, Nora, anaanza kubadilika: uso unamcheza, hasira zinapanda bila sababu, nyumba inamshinda. Majirani wana maneno yao, kama ambavyo mitaani kwetu tungeshamtaja aliyemroga. Mwisho anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ulikuwa ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo taratibu na kurithiwa na watoto. Woody anaandika haya akiwa na miaka thelathini tu, anamchora mama yake harakati kwa harakati, na hajui kuwa ugonjwa uleule umo mwilini mwake. Ulimuua mwaka 1967, akiwa na miaka 55. Nilirudia kurasa hizo nikijua asichokijua mwandishi, na sikupenda kujua.

Vumbi nalo. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu jeusi liliifunika Pampa, watu wakaagana wakidhani ni kiyama. Nyasi za asili zilikuwa zimelimwa na trekta, ukame ukaja, udongo ukapeperuka. Vumbi letu la Septemba hapa Dodoma unalifagia asubuhi likaisha. Wazee wa Kondoa waliohamishiwa mifugo yao mwaka 1979 na HADO, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ndio watakaomwelewa vizuri zaidi.

Kiingereza chake ni kigumu, cha kijijini, maneno yameandikwa yanavyotamkwa. Sehemu za katikati zinajirudia: kazi imekosekana, polisi wamefukuza, treni nyingine. Ruka ukichoka.

Usiruke New York. Anapelekwa kujaribiwa kwenye ukumbi wa Rainbow Room, ghorofa ya 65, na wenye ukumbi, badala ya kusikiliza nyimbo, wanajadili wamvalishe nguo gani ili aonekane mshamba wa kuchekesha wateja. Nimeona vikundi vyetu vya ngoma vikifungwa manyoya ambayo babu zao hawakuyajua, kisa kuna wageni hotelini. Vijana wale hucheza, maana nauli ya kurudi inatoka hapo. Woody aliondoka zake akiimba.