A Storm of Swords: kama unapenda stori za walinzi wa mfalme, anzia hapa

Nimerudia A Storm of Swords, kitabu cha tatu kwenye mfululizo wa fantasia wa George R. R. Martin uitwao A Song of Ice and Fire, kilitoka mwaka 2000, na safari hii nimekisoma nikiwafuata watu wa aina moja tu, wale walinzi saba wa mfalme wenye majoho meupe. Wengi hukisifia kwa ajili ya vita na zile harusi, sawa kabisa, ila mi naona kwa habari ya bodigadi aliyebanwa katikati ya viapo hakuna fantasia niliyosoma inayokifikia. Ntataja yanayotokea humo ndani, kwahiyo kama bado hujasoma viwili vya mwanzo anza navyo.

Hao walinzi hawaoi, hawamiliki ardhi, wanatumikia mpaka kufa. Kazi yao ni kumlinda mfalme, kumtii na kumtunzia siri. Siku za amani hakuna tatizo, mtu anasimama mlangoni na upanga wake maisha yanaenda, lakini vita ikipiga hodi ndo unaona kiapo kimoja kinagombana na kingine, maana mtu huyohuyo alishaapa kulinda wanyonge, alafu ana baba na ndugu na hao ndugu wako upande wa pili.

Jaime Lannister, mmoja wa walinzi hao, yuko hapo hapo. Kuna sehemu kwenye ngome ya Harrenhal yuko kwenye maji ya moto na Brienne, yule mwanamke mpiganaji aliyekuwa anamsindikiza, mkono wa kulia umeshakatwa, mwili umeisha, ndo anafunguka kwanini yeye alipokuwa na miaka 17 alimuua mfalme Aerys, aliyekuwa anamlinda. Mfalme alishaficha moto wa kijani, yani kimiminika kinachowaka vibaya, chini ya mji mzima, chini ya mabanda ya farasi, chini ya vibanda vya maskini, mpaka chini ya jumba lake mwenyewe. Jeshi la baba yake Jaime liko ndani ya mji, mfalme anamwagiza akamletee kichwa cha baba yake, na papo hapo Rossart, mtaalamu wa mfalme wa moto huo, ametumwa akauwashe. Jaime anamuua Rossart kwanza, kisha mfalme. Brienne anauliza mbona hakumwambia mtu, naye anacheka, anamjibu kwamba walinzi wameapa kutunza siri za mfalme. Hapo nilifunga kitabu nikatulia kwanza, kwasababu ona, mfalme kamuua kwa mkono wake lakini siri ya huyo mfalme kaibeba miaka yote hiyo huku watu wanamuita msaliti, yani kiapo alichovunja na alichotunza ni kilekile!

Na mambo haya sio ya kubuni tu. Tarehe 10 Agosti 1792 pale Paris walinzi wa Uswisi walikufa kwa mamia kwenye jumba la Tuileries wakati mfalme waliyekuwa wanamlinda, Louis XVI wa Ufaransa, mwenyewe alishaondoka humo. Ukijua hilo ndo unaelewa kwanini Martin hampi mlinzi wake yeyote njia rahisi.

Sehemu nyingine naipenda sana ni Jaime akiwa mkuu wa walinzi, amewaweka wenzake mezani. Mlinzi mmoja, Meryn Trant, alikuwa anampiga binti mateka Sansa kwa amri ya Joffrey, mfalme aliyemtangulia Tommen, Jaime anamuuliza ni wapi kwenye kiapo pameandikwa kupiga wanawake na watoto. Alafu anawaeleza kuhusu Tommen, mfalme wa miaka minane, akitaka mumtandikie farasi mtandikieni, akisema mumuue farasi njooni kwangu. Utii wenye akili ndani yake, na imetoka mdomoni mwa mtu ambaye alilipia kulijua hilo.

Panaponiudhi ni Barristan Selmy. Huyu mzee, naye mlinzi wa mfalme, alijeruhiwa kwenye vita vya Trident akimpigania Aerys na ukoo wake, adui yake Robert aliyekuja kuwa mfalme akamtumia tabibu wake mwenyewe, akasamehewa, akamtumikia Robert miaka na miaka, na sasa anapiga magoti kwa Daenerys, binti wa yule Aerys. Hapo pana utajiri wa ajabu, lakini tunamuona kwa macho ya Daenerys tu na inapita haraka mno. Nilitaka kukaa kichwani mwake, na sura za kwake mwenyewe mpaka usubiri A Dance with Dragons, 2011.

Brienne na Loras nao wapo, wote walikuwa walinzi wa Renly, mdogo wake Robert aliyejitangaza mfalme akauawa, Loras aliua walinzi wenzake wawili kwa hasira ya msiba huo akiamini Brienne ndo aliyemuua Renly, na Jaime ndo anayemlazimisha akamsikilize. Fupi ila nzuri.

Kuhusu kununua, kuwa makini na toleo la Uingereza la jalada laini, limegawanywa mara mbili, Steel and Snow na Blood and Gold. Chukua vyote kwa pamoja, ile sura ya Jaime na walinzi wenzake mezani iko kwenye cha pili.