Unataka kukata mti nyumbani? Nani wa kumuita, kuanzia ninayemwamini zaidi

Kwa hapa Dar ukitamka tu kwamba unataka mti ukatwe, muda si mrefu utaona vijana getini na kila mmoja na bei yake. Wakuu, bei isubiri kwanza. Angalia huo mti ukilala mzima mzima unafika wapi. Kama unafika kwenye bati, ukuta wa jirani au chemba basi hiyo sio kazi ya kuangusha, ni kazi ya kushusha vipande kwa kamba, na hapo ndo mafundi wanapoachana. Na kama matawi yameshagusa waya wa umeme usimuite fundi yeyote, toa taarifa TANESCO, mti mbichi unapitisha umeme na panga linapitisha zaidi.

Namba moja kwangu ni fundi wa chenso mwenye timu yake na kamba zake. Nasisitiza kamba, maana chenso siku hizi hata ya kukodi ipo. Fundi wa ukweli akifika hawashi mashine, anazunguka mti, anaangalia umeegemea wapi, anagonga shina asikie kama ndani pana uwazi. Halafu mmoja anapanda, anafunga tawi kamba, anaipitisha kwenye panda ya juu, na aliye chini anaizungusha kwenye shina mara mbili tatu ili uzito usimburuze, ndo wa juu anakata. Tawi linaning'inia, linashushwa taratiiibu mpaka chini na bati halijaguswa. Muulize pia shina analikataje: anatakiwa akwambie anatoa kwanza kipande kama mdomo upande ule mti utakaoangukia, kisha anakuja nyuma yake na hamalizi, anaacha ubavu mwembamba wa mti katikati ufanye kazi ya bawaba. Akikwambia anakata tu moja kwa moja mpaka uanguke, mpe maji anywe, aende zake.

Ila kama ni mnazi, mkwezi anampita huyo. Mkwezi mzoefu anapanda na panga lake, anasafisha makuti makavu, anashusha nazi, bei ndogo na kazi imeisha. Mwambie asiguse kilele, mnazi hauna matawi ya kuchipua pembeni, ukikata kile kichwa cha juu umeua mti wote hata kama shina litasimama miezi.

Namba mbili ni kampuni za bustani. Hawa wana kofia ngumu, mikanda, risiti, na kwa nyumba za kupangisha au ofisi ndo wanafaa maana unahitaji karatasi na unataka waje kila baada ya miezi kadhaa. Shida ni bei, na kuna wengine wanamuita fundi yuleyule wa chenso wa mtaani kwenu halafu wanakuongezea ya kwao juu, so uliza ni nani hasa atapanda.

Mwisho kabisa vijana wa panga na shoka. Kwa michongoma, bogenvilia na matawi unayoyafikia ukiwa umesimama chini wako poa tu. Juu ya bati hapana.

Sasa kupunguza. Watu wengi wanaagiza "kata juu kote uwe mfupi", muembe unabaki kama nguzo, halafu unatoa machipukizi mengi yaliyoshika juujuu tu, upepo ukija ndo yanayodondoka. Bora upunguze matawi machache, jumla isizidi robo ya majani yote, na kila tawi likatwe karibu na ule uvimbe linapoungana na shina, bila kuchana ganda wala kuacha kijiti kirefu kinachooza. Tawi nene lianze kukatwa kidogo kwa chini, la sivyo likielemewa linachuna ganda la shina lote.

Kwenye bei kubaliana mti mzima, sio siku. Ukiambiwa laki moja na nusu uliza: petroli na oili ya chenso ya nani, kirikuu ya kubeba matawi nani analipa, na magogo yanabaki kwa nani? Hapo kwenye magogo ndo watu wanapigwa. Shina nene la muembe au mwarobaini ni mbao, ni kuni, ni mkaa, fundi akilichukua bei inatakiwa ishuke. Kabla ya siku ya kazi pita serikali ya mtaa wakuelekeze habari ya vibali, hasa kama magogo yatatoka nje ya geti, na hapohapo muandikishane nani analipa ukuta wa jirani ukivunjika, na kopi ya kitambulisho cha fundi ibaki kwako. Advansi toa ya mafuta tu. Na fanya hii kitu Januari au Februari, masika yakishaanza kila mtu ana mti unaomtisha na mafundi wanajua hilo vizuri sana.

Kisiki ni bei nyingine, wengi hawakwambii. Mwarobaini na mjohoro ukiviacha visiki vinachipua tena, kwa hiyo lipia king'olewe. Cha mnazi hakichipui, ila gogo lake likiozea hapo uani chonga, wale mbawakawa wanaoshambulia minazi, wanazaliana humo na wanahamia kwenye minazi iliyobaki, yako na ya jirani.