Nyota za viraka vya leso, Biashara Street: kitandiko kununua, maboli jihadharini

Mimi nilienda Biashara Street hapa Mombasa kutafuta leso za harusi ya binamu yangu, viraka vya mapambo havikuwa kwenye mpango kabisa. Sasa kwenye kichochoro kimoja pale nyuma kuna mama ana meza ndogo, pasi yake ameichomeka umeme wa duka la jirani, na mezani ametandaza manyota ya kitambaa, duara kama sahani, pembe zimelaliana moja juu ya nyengine utadhani mlango wa kuchonga wa Mji wa Kale. Nikamuuliza, "Ma, hizi umepiga cherahani?" Akacheka. "Cherahani gani mwanangu, hapo ni kukunja na sindano tu. Shika kwanza, bei tutaongea."

Basi nikashika na ndio nikapatikana.

Nilinunua vitu vitatu: kitandiko kimoja cha meza (1,200, alianzia 1,500), fanusi ya kuning'iniza, na pakiti ya kujitengenezea maboli ya mapambo, yale Wakristo wanatundika kwa mti wa Krismasi, manake jirani yangu wa juu hunipa chakula kila Disemba na mimi humpelekea biriani Idi, nikasema mwaka huu nimpe kitu cha mkono wangu.

Nianze na kitandiko, hicho sina neno baya. Alinionyesha anavyofanya: anakata mraba wa sentimita 10, anakunja nusu, alafu zile pembe mbili za juu anazishusha zikutane katikati, inatoka pembetatu, anaipiga pasi mpaka inakaa kama karatasi. Za kwanza nne zinakutana ncha kwa ncha katikati ya kitambaa cha amerikani. Mzunguko wa pili nane, ameurudisha nyuma kama sentimita moja na nusu hivi, wa tatu nane tena, wa nne kumi na sita, kila ncha imeshikwa na mshono mdogo hata hauuoni. Yangu nimehesabu, ina pembe 36. Na uzuri wote uko kwa kupanga rangi, mzunguko mweupe, mwekundu, mweupe, mweusi, ukikosea mmoja nyota inapotea inabaki fujo. Huko Uingereza wanashona hivi hivi na wanaziita viraka vya Somerset, lakini sidhani kule wana vipande vya leso, manake ukiangalia vizuri hiki changu kwenye pembe moja imebaki herufi za jina la leso, "...NYEJI APONE". Mgeni njoo, mwenyeji kakatwa na makasi!

Alafu kitu kingine, vitambaa vyake ni pamba tupu. Hilo msilipuuze. Nilijaribu nyumbani na kipande cha dera langu la zamani, hizi poliesta, wallahi unapiga pasi, unageuka kuchukua uzi, ukirudi imefunguka kama haikukunjwa. Ukizidisha moto inang'ara, inaanza kuyeyuka. Pamba ndio inashika mkunjo, na ndio inahimili sufuria, na hapo ndani ameweka blanketi kuukuu la pamba. Nimetua sufuria ya pilau imetoka jikoni sai hivi, meza haikuguswa.

Kosa la kitandiko lilikuwa langu. Nilikitosa kwa maji ya moto na sabuni ya unga, wekundu ukaingia kwa weupe, sai kina waridi kidogo. Nilipoenda kulalamika akaniuliza kama leso mpya mimi huifua na nini, nikanyamaza. Maji baridi, peke yake, usikamue. Yeye mwenyewe anasema huloweka leso kabla ya kukata, ile wanga itoke na ikiruka iruke kabisa, lakini nyekundu ni nyekundu.

Fanusi sasa. Kwa macho tamu, nyota ndogo ndogo kwenye kadibodi pande sita, ukitia taa ya betri ndani baraza yote inapendeza. Lakini ameunga kwa gundi ya moto, ile ya bunduki, nami nikaitundika dirishani penye jua la adhuhuri. Siku ya tatu upande mmoja ukaachia, wa pili ukafuata, ikabaki imeinama kama imesinzia. Ingeshonwa hata mishono miwili kila kona ingekaa. 600 kwa siku tatu, hapana.

Na yale maboli. Pakiti ni 850, unapata boli tatu za ile povu nyeupe nyepesi inayokuja na TV mpya kwenye boksi, miraba ya vitambaa, utepe na pini. Kazi yenyewe inaraha, hakuna uzi hakuna gundi, unakunja unachoma pini, unakunja unachoma pini, watoto wangu wa miaka tisa na kumi na mbili walikaa kimya saa mbili nzima, hiyo peke yake ina thamani yake. Shida ni pini. Ni chuma cha rahisi, na mnajua Mombasa hapa, chumvi iko hewani, hata kitasa cha mlango kinaota kutu. Wiki tatu tu kila pini imetoa doa la kahawia kwenye kitambaa cheupe, na nilikuwa nishampelekea jirani boli moja! Alinyamaza kwa adabu lakini nimeliona limegeuzwa lilipo doa liangalie ukuta. Mkinunua pakiti, zile pini tupeni, tafuteni za shaba au zisizoshika kutu.

Nilimwambia mama haya yote uso kwa uso, hakununa. Akasema pini atabadilisha, fanusi atashona. Malipo M-Pesa anapokea, yuko pale kuanzia asubuhi mpaka kabla ya maghrib, Ijumaa mchana usimtafute. Nimeagiza kitandiko chengine cha samawati na nyeupe, cha mama mkwe, ameniambia siku kumi. Akichelewa nitarudi hapa hapa.