Biblia ya zipu yenye itifaki: mwaka na nusu jikoni kwangu

Mimi ni mama lishe Msamvu, Morogoro. Asubuhi nauza chai, supu na chapati, mchana wali na ugali. Namwandikia mtu anayetafuta Biblia ya kusoma kila siku, maana ukiingia dukani wauzaji watakuonyesha kava kwanza, na kava silo litakalokaa nawe.

Ninayoizungumzia ni Biblia ya tafsiri ya Union Version, saizi ya kati, yenye itifaki nyuma (orodha ya kutafutia maneno) na kava jeusi la zipu. Nililipa shilingi 28,000. Kabla yake nilikuwa na ya bei rahisi niliyouziwa na mchuuzi wa stendi. Ile ilibandikwa kwa gundi tu, na kabla ya miezi minne Zaburi zilitoka zote kwa pamoja. Hii imeshonwa. Ukiifungua katikati ukatazama ndani ya mshono, uzi unauona.

Naisoma saa kumi na nusu alfajiri. Nikishawasha mkaa na kuinjika maji ya chai, napata kama nusu saa kabla chapati hazijaanza. Zamani nusu saa hiyo ilikuwa ya simu. Biblia kwenye simu ninayo pia, ni bure, na safarini inanifaa sana. Lakini alfajiri, nikiwa bado mstari wa tatu, unaingia ujumbe wa kikoba, mara muuza nyama anauliza kilo ngapi, na nikirudi moyo umeshatawanyika. Hii ya karatasi haina mlango wa mtu mwingine kuingilia.

Zipu ndiyo iliyoniokoa jikoni. Unga, masizi, mvuke wa maharage, vyote vimeishia nje. Karatasi ni nyembamba, maandishi ya upande wa pili yanaonekana kwa mbali, na ukigusa na kidole chenye mafuta doa halitoki. Warumi yangu ina madoa mawili. Herufi ni ndogo. Mimi nina miaka 47 na taa ya sola lazima niisogeze karibu kabisa. Mwenye macho mazito atafute ya herufi kubwa, hata kama atalazimika kuiacha nyumbani kwa uzito.

Sasa itifaki, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika. Ni orodha ya maneno kwa alfabeti, na kila neno limeonyeshewa mistari linakopatikana. Neno la kwanza nililolitafuta ni hasira, kwa sababu ndilo lililokuwa linanitesa. Stendi wananijua. Nilikuwa nikimsema mtu mbele ya wateja, mdeni, msaidizi, hata muuza maji, halafu Jumapili naimba kwaya. Itifaki ikanipeleka Yakobo 1, ikanipeleka Mithali 15:1, panaposema kwamba neno liumizalo huchochea ghadhabu. Nilikuwa nimekaa mbele ya jiko, chuma cha kuchochea kiko mkononi. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia.

Lakini mistari ya hasira peke yake haikunibadilisha. Nilijaribu kuishika kama sheria, nikashindwa ndani ya wiki mbili. Kilichonisaidia ni Yohana 15, niliyoisoma karibu mwezi mzima kila alfajiri. Yesu anasema kaeni ndani yangu. Neno lenyewe ni hili letu la kila siku: unakaa wapi, nakaa Kihonda. Nikaona kwamba mimi kwa Mungu nilikuwa mgeni wa Jumapili, naamkia na kuaga. Nikaanza kukaa. Kuna siku sikusoma zaidi ya mistari miwili, nikamwambia tu yaliyonipata jana na yule niliyemkasirikia, kwa jina lake, mpaka maji yakachemka.

Wagalatia 5:22 ilinishika pabaya zaidi. Kwaya yetu, na mimi mwenyewe, tumezoea kusema matunda ya Roho. Union Version imeandika tunda la Roho, moja, halafu yanafuata majina tisa kuanzia upendo hadi kiasi. Mimi nilikuwa nachagua. Sijawahi kumpunja mteja chenji, basi nikajihesabia uaminifu, upole nikauacha kama wa watu wengine. Ikiwa tunda ni moja, siwezi kumpelekea Mungu uaminifu wa chenji alipie ukali wangu. Niliona aibu, nikalia hapo hapo.

Asubuhi moja binti ninayefanya naye kazi aliunguza maharage, sufuria nzima. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Nikasema, "Mwanangu, mimina ya juu kwenye sufuria nyingine, ya chini tutayaacha." Hakuondoka. Alisimama ananitazama, anasubiri yaliyobaki. Hapo ndipo nilipojua nimekuwa mtu wa namna gani kwake kwa miaka miwili.

Jioni nilimwomba msamaha kabla ya kufunga, na hilo nalo lilitoka humu. Waefeso 4:26 ina neno lisichwe, na mimi wa bara nilikuwa nalipita tu. Tafsiri hii ni ya 1952, iliunganisha tafsiri ya Unguja na ya Mombasa, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha pwani na kina maneno ambayo vijana wetu hawayasikii tena. Nilimuuliza mzee mmoja wa Tanga, mteja wangu wa chai, Mwislamu. Akanieleza vizuri: "Jua kuchwa, mama, ni jua kuzama." Yaani jua lisizame na uchungu bado unao. Binti yangu wa sekondari anaisoma tafsiri ya Habari Njema kwa sababu ni nyepesi, na simkatazi. Mimi nimechagua hii inayonilazimisha kusimama kwenye neno.

Sijafika. Mwezi uliopita nilimfokea muuza mkaa, na kosa halikuwa lake. Ila nilimfuata siku ile ile. Zamani ningemnunia mwezi. Na konda mmoja aliyekuwa na deni la chai na chapati, shilingi 14,000, sikumtangazia tena stendi. Nilimwita pembeni. Ameleta 5,000, zilizobaki bado ziko kwenye daftari, na bado namwekea kikombe.

Upungufu wa kujua kabla hujanunua: itifaki ya nyuma si kamili. Kuna maneno nimeyatafuta nikayakosa wakati najua yamo ndani. Na kichwa cha zipu kilikatika mwezi wa kumi na moja. Fundi cherehani alinibadilishia kwa shilingi 1,500, hadi leo kinakwenda. Ukifika dukani usilipie kava. Ifungue katikati, utafute uzi, kisha nenda nyuma kwenye itifaki uangalie kama neno linalokusumbua wewe limo.